Basi la Haidrojeni au la Betri: Anza na Bei ya Pampu

Januari 2022 jiji la Montpellier, kusini mwa Ufaransa, lilifuta mpango wake wa kununua mabasi 51 ya haidrojeni. Mpango wa Euro milioni 29, wenye ruzuku ndani yake, ukawekwa kando kabla basi hata moja halijawasili. Hapakuwa na ajali wala hitilafu. Meya Michaël Delafosse alieleza tu kwamba kila kilomita ya basi la haidrojeni ingekula senti 95 za Euro, na kilomita hiyohiyo kwa basi la betri ingekula senti 15. Kwa meya anayetaka kuchaguliwa tena, hiyo si hesabu ya kuumiza kichwa.

Ungedhani mjadala ungeishia hapo. Lakini mwaka uliofuata Bologna, Italia, kupitia shirika lake la usafiri Tper, iliagiza mabasi 130 ya haidrojeni kwa mkupuo. Köln na vitongoji vyake wanayo zaidi ya 100 barabarani. Hawa wote wana wahasibu, na wahasibu hao wanajua kujumlisha. Sasa kwa nini mji mmoja ukimbie kile ambacho mwingine unakipigania kwenye zabuni?

Dizeli imeshatoka mezani. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa 2024, kufikia 2030 asilimia 90 ya mabasi mapya ya mjini lazima yawe hayatoi moshi, na kufikia 2035 yote. Kwa hiyo anayekwenda sokoni leo kununua basi litakalodumu miaka 12 anachagua kati ya betri na haidrojeni. Lipo na la tatu, basi la nyaya, linalovuta umeme kwenye waya za juu ya barabara, ambalo halina mpiga debe kwa sababu halina jipya la kuonyesha kwenye maonyesho. Nitalirudia kwa ufupi.

Kuhusu chombo chenyewe, wapo wanaodhani haidrojeni inachomwa ndani ya injini kama petroli. Yaliwahi kuwepo mabasi ya kampuni ya MAN ya namna hiyo mjini Berlin, lakini yamepita. La leo ni basi la umeme. Magurudumu yanazungushwa na mota, na mota inalishwa na seli inayokutanisha haidrojeni ya kwenye mitungi na oksijeni ya hewani. Kinachotoka ni umeme, joto na mvuke wa maji. Betri ndogo inadaka umeme unaopatikana dereva anapofunga breki. Kwenye Solaris Urbino 12 hydrogen, basi la Poland lililozinduliwa 2019, mitungi mitano juu ya paa hubeba kilo 37.5 za haidrojeni kwa mgandamizo wa bar 350, na seli ya kilowati 70 inatoka Ballard ya Kanada. Kiwanda kinasema linakwenda kilomita 350 kwa mjazo mmoja. Kujaza ni dakika 10 hivi.

Ukiyaendesha mabasi hayo mawili, la seli na la betri, mengi hutayatofautisha. Yote ni kimya, yote yanaondoka bila kutikisa abiria. Basi la haidrojeni si bovu, na anayelipinga kwa kusema litalipuka hajafuatilia historia yake.

Historia hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 2003 mabasi 27 ya Mercedes-Benz Citaro yaligawanywa kwa miji tisa chini ya mradi wa CUTE: Amsterdam, Barcelona, Hamburg, London, Luxembourg, Madrid, Porto, Stockholm na Stuttgart, na mengine matatu ya aina hiyo yakaenda Reykjavik. Kila moja liligharimu kama Euro milioni 1.25, na yalikuwa yakila zaidi ya kilo 20 za haidrojeni kwa kilomita 100. Miaka kumi baadaye mabasi ya mradi wa CHIC, yaliyopita Bolzano, Milano, Oslo na London, yalishuka hadi kilo 8 au 9. Seli za baadhi ya mabasi ya London zilifanya kazi zaidi ya saa 25,000. Miradi ya JIVE, iliyoanza 2017 ikilenga kuweka barabarani karibu mabasi 300, ilidai kila basi la mita 12 lisizidi Euro 650,000, halafu 625,000. Katika muda wa kizazi kimoja bei ilikatwa nusu na ulaji zaidi ya nusu. Wahandisi walifanya kazi yao.

Shida ni kwamba wahandisi wa betri nao hawakulala. Basi la betri la mita 12 sasa linanunuliwa kwa kati ya Euro 450,000 na 600,000. La dizeli lilikuwa kama 250,000. Kwa bei ya dukani, basi, haidrojeni imeizidi betri kwa kiasi ambacho ruzuku inaweza kukifuta kabisa: kwa miaka kadhaa Ujerumani ililipa hadi asilimia 80 ya tofauti kati ya basi la dizeli na basi lisilotoa moshi. Ndiyo maana meza za zabuni zilikuwa zinapendeza. Mkurugenzi anaona tofauti ya bei imebaki kidogo, anapigwa picha na waziri, anasaini.

Bili inaanza kesho yake. Chukua basi linalokimbia kilomita 60,000 kwa mwaka, mwendo wa kawaida kwa basi la mjini. La haidrojeni hula kilo 8 hivi kwa kilomita 100. Nchini Ujerumani bei ya pampuni kwa muda mrefu ilikuwa Euro 9.50 kwa kilo. Katikati ya 2022 ikapandishwa hadi 12.85. Kwa bei ya kwanza, kilomita 100 ni Euro 76. Kwa bei ya pili ni karibu 103. La betri hula kama kilowati-saa 130 kwa kilomita 100 ukichanganya siku za baridi na za joto. Umeme ukinunuliwa kwa senti 20, hizo ni Euro 26, na hata ukipanda hadi senti 30 ni 39 tu. Dizeli yenyewe, lita 40 kwa Euro 1.50, ingekuwa 60.

Kwa mwaka mzima, kwa bei ya chini ya haidrojeni na umeme wa senti 20, basi la haidrojeni linatafuna Euro 45,600 na la betri 15,600. Tofauti ya Euro 30,000 kila mwaka, kwa kila basi. Kwa miaka 12 inafika 360,000, yaani zaidi ya nusu ya bei ya basi jipya, na hapo hatujagusa ile bei ya 12.85. Ruzuku ililipia basi. Haidrojeni ya mwaka wa saba hakuna atakayeilipia isipokuwa shirika, na shirika litamgeukia mwenye kadi ya mwezi au mlipakodi.

Hizi ni hesabu za mezani, kwa hiyo ni haki kuzipima kwa mtu aliyeyaendesha mabasi ya aina zote mbili. Yupo: SASA, shirika la Bolzano, kaskazini mwa Italia, ambako haidrojeni inatengenezwa palepale mjini kwa umeme wa maji ya milima ya Alps. Wana mabasi ya haidrojeni tangu 2013 na wakaongeza 12 ya Solaris mwaka 2021, na ya betri wanayo pia, kwenye milima ileile, chini ya mafundi walewale. Tathmini yao ya gharama za uendeshaji ilitoa Euro 1.27 kwa kilomita kwa haidrojeni na 0.55 kwa betri. Mara mbili na zaidi. Tofauti haikufikia ile aliyoitaja meya wa Montpellier, lakini mwelekeo ni uleule, na hawa si watu wanaoichukia haidrojeni.

Wauzaji watakuambia bei ya kilo itashuka viwanda vikiongezeka. Inawezekana kushuka, lakini ina sakafu. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni kwa kupasua maji kunakula kilowati-saa 50 hadi 55 za umeme, na kuigandamiza kunaongeza. Kilo 8 za kilomita 100 zinahitaji basi zaidi ya kilowati-saa 400, na umeme huo ungetosha mabasi matatu ya betri kwa umbali uleule. Umeme ukishuka bei, unamshukia mwenye betri pia. Haidrojeni iliyotokana nao itabaki nyuma yake kwa hatua zilezile tatu, labda nne.

Kuna njia ya kukwepa: haidrojeni ya gesi asilia, ambayo ndiyo nyingi sokoni. Ni nafuu. Lakini kila kilo yake huacha nyuma kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa kiwandani. Zidisha kwa 8, unapata kama kilo 75 kwa kilomita 100, wakati lita 40 za dizeli hutoa kama kilo 106. Mji unatumia Euro 650,000 kwa basi ili kupunguza chini ya theluthi, halafu ubavuni mwa basi inaandikwa kwamba linatoa maji matupu. Abiria wa Ulaya wanastahili kuulizia asili ya gesi hiyo kama wanavyoulizia asili ya nyama.

Hadi hapa tumezungumzia bei tu, na mnunuzi angeweza kuvumilia bei kama huduma ingekuwa ya uhakika. Pampu ndiyo imeyaangusha mashirika mengi ya mabasi. Basi la betri likikosa chaja moja linahamia nyingine. Basi la haidrojeni likikosa pampu linalala, pamoja na wenzake wote, kwa sababu mji mara nyingi una kituo kimoja chenye kompresa moja au mbili. Kununua kundi la mabasi ya namna hii ni kama kununua jiko la gesi mahali ambapo mtungi unaletwa na mtu mmoja, kwa bei anayoipanga yeye, siku anayojisikia.

Wiesbaden, Ujerumani, ilianza na mabasi 10 ya Caetano kutoka Ureno mwishoni mwa 2021. Mwaka mmoja baadaye shirika la ESWE likatangaza linaachana nayo: kituo cha kujazia kilikuwa kimesumbua, na kutunza dizeli, betri na haidrojeni katika karakana moja kulikuwa mzigo. Liverpool ilizindua mabasi 20 ya ghorofa mwaka 2023 kwa njia ya kwenda St Helens, na muda si mrefu yakaegeshwa kwa sababu haidrojeni haikupatikana ya kutosha. Mabasi mapya, madereva wamefunzwa, tangi tupu. Na karibu na Oslo, eneo la Kjørbo, tarehe 10 Juni 2019 kituo cha kujazia magari kililipuka kwa sababu boliti za tangi la mgandamizo mkubwa hazikukazwa sawasawa. Hakuna aliyekufa, lakini vituo vingine vya aina hiyo vikafungwa kwa uchunguzi, na waliokuwa na magari ya haidrojeni wakakwama.

Usafirishaji nao una uzito wake, kwa maana halisi. Lori la tani 40 lililobeba mitungi ya haidrojeni iliyogandamizwa kwa bar 200 linaleta chini ya kilo 500. Hizo ni mabasi 13 hivi, mara moja. London ilipoweka mabasi 20 ya ghorofa ya Wrightbus kwenye njia namba 7 mwaka 2021, haidrojeni yake mwanzoni ilitoka Runcorn, upande wa Liverpool, mwendo wa saa nyingi barabarani. Wakati huohuo jiji hilo lilikuwa likiongeza mabasi ya betri, na kufikia 2023 lilikuwa na zaidi ya 1,000.

Betri nazo zina gharama zinazofichwa kwenye brosha. Kubwa kuliko zote ni waya. Depo ya mabasi 100 ya betri ikichaji usiku inataka megawati kadhaa kwa pamoja, na kampuni ya umeme inaweza kumwambia meneja asubiri miaka miwili au mitatu kupata transfoma na kebo. Depo zilizobanwa katikati ya mji hazina hata nafasi ya kuweka chaja. Ya pili ni baridi. Usiku wa Januari wenye nyuzi kumi chini ya sifuri, kupasha joto basi lenye milango inayofunguka kila dakika mbili kunaweza kula umeme karibu sawa na wa kusukuma magurudumu. Mashirika mengi ya Ujerumani yalimaliza tatizo hilo kwa kufunga hita ya dizeli ndani ya basi la umeme, jambo ambalo wapiga picha wa uzinduzi hawakulionyesha. Basi la haidrojeni hapa lina faida ya kweli, kwani joto linalotoka kwenye seli linawapasha abiria bila malipo ya ziada.

Ya tatu ni umbali. Basi la betri la miaka ya 2010 lilimaliza kilomita 150 likaomba kurudi, na njia iliyokuwa na mabasi 10 ya dizeli ikahitaji 12 au 13 ya betri, pamoja na madereva wao. Gharama ya dereva wa ziada inaweza kumeza faida yote ya umeme. Hoja hii ndiyo iliyoibeba haidrojeni kwa miaka mingi, na ilikuwa hoja nzuri. Sasa inadhoofika. Mabasi ya betri ya leo yanafika kilomita 300 na zaidi hali ya hewa ikiwa nzuri, na njia nyingi za mjini hazizidi 250 kwa siku. Mercedes-Benz mwaka 2023 ilileta njia ya kati: eCitaro ya betri kubwa iliyopachikwa seli ya haidrojeni ya kurefusha mwendo tu. Ni ufumbuzi wa kiufundi wenye akili, ila unamwacha mnunuzi akilipia chaja na pampu kwa pamoja.

Na lile basi la nyaya? Praha ilifungua Machi 2024 njia namba 59 ya kwenda uwanja wa ndege kwa mabasi ya nyaya ya mita 24, yanayochaji yakiwa chini ya waya na kumalizia kwa betri pasipo na waya. Kwa njia yenye mlima na abiria wengi kila dakika chache, wanunuzi wangepaswa kulipima kabla ya kuifikiria haidrojeni. Wengi hawalipimi, kwa kuwa nguzo hazipendezi machoni.

Basi nani anunue haidrojeni? Turudi Köln. Shirika la RVK linahudumia vitongoji na vijiji vilivyo mbali, njia ndefu zenye vilima, mabasi yanayorudi depo usiku tu. Jirani yake, katika viwanda vya kemikali vya Hürth, haidrojeni inatoka kama zao la pembeni wakati wa kutengeneza klorini. Kituo cha kujazia kimekuwepo hapo tangu 2010. Walikua taratibu, kuanzia mabasi mawili, mafundi wakajifunza njiani, na sasa wanazo pampu zaidi ya moja. Ukiwa na vitu hivi vyote, haidrojeni inaeleweka. Ukikosa kimoja, hasa hicho cha haidrojeni ya jirani, unaanza kufanana na Wiesbaden.

Kwa mnunuzi ambaye bado anaitaka, ningeanza na mkataba wa gesi kabla ya mkataba wa basi. Bei ya kilo ifungwe kwa miaka isiyopungua kumi, ikiwa imeshafikishwa pampuni, si langoni mwa kiwanda. Mwenye kituo alipe faini kila siku pampu inapolala, na faini hiyo ilingane na kukodi mabasi ya dizeli ya kuziba pengo. Kompresa ya pili isiwe ya hiari. Vipuri navyo viulizwe mapema: Van Hool ya Ubelgiji, iliyouza mabasi ya haidrojeni Köln, Wuppertal, Pau na Aberdeen, ilitangazwa kufilisika Aprili 2024, na biashara yake ya mabasi ikaangukia VDL ya Uholanzi. Aliyenunua 2020 akitarajia kuendesha hadi 2032 analazimika kuzoea mlango mwingine wa kubisha. Muuzaji akikataa masharti haya, mpe chai na umsindikize.

Soko lenyewe limeshasema mengi. Mwaka 2024 Ulaya ilisajili mabasi mapya 378 ya haidrojeni, idadi kubwa kuliko mwaka wowote uliotangulia. Mwaka huohuo ya betri yalizidi 7,000. Haidrojeni inakua, ila inakua ikiwa kwenye kona yake.

Kona hiyo inaweza kubanwa na wanunuzi wengine. Haidrojeni safi inatakiwa na viwanda vya chuma na vya mbolea, ambavyo havina betri ya kukimbilia. Mkakati wa haidrojeni wa Kenya, uliozinduliwa Nairobi Septemba 2023 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, uliweka mbolea mbele, si magari. Kiwanda cha mbolea kinaweza kusaini kununua kwa miaka 15 bila kupepesa macho, na shirika la mabasi litakuwa linashindana nacho kwa kilo zilezile.

Kwa hiyo macho yangu yako Bologna. Mabasi yale 130 yamelipiwa kwa sehemu kubwa na fungu la Umoja wa Ulaya la kufufua uchumi baada ya korona, fedha ambazo zilipaswa kutumika zote kabla ya 2026 kwisha. Mabasi hayo yatakuwa mapya, huduma ya mwanzo itakuwa nzuri, na picha zitapigwa. Fungu likishafungwa, bili ya haidrojeni itabaki kwa Tper na kwa kila anayekata tiketi Bologna, na hapo ndipo tutajua ni senti ngapi kwa kilomita.